Mhusika akiongea peke yake jukwaani, usimwamini haraka

Kila nikisahihisha insha za S.5, yaani kidato cha tano, kuhusu tamthilia nakutana na sentensi ile ile, neno kwa neno, hata koma haijabadilika: "uzungumzinafsi humsaidia mwandishi kufichua mawazo ya ndani ya mhusika." Wameitoa kwenye miongozo, vile vijitabu vyembamba vinavyovuka mpaka kutoka upande wa Kenya na kuishia mikononi mwa wanafunzi hapa Busia, Uganda, vikiwa vimepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Sentensi yenyewe haina ubaya, maksi italeta. Kinachoniudhi ni kwamba mtoto akishaiandika anaona kazi imeisha, ananyanyua maneno ya mhusika, anayapachika pale, anasema "hii inaonyesha ana huzuni", anahamia swali la sita.

Mi naona hivi. Mhusika akibaki peke yake steji hajaja kutuambia ukweli, amekuja kujishawishi. Watu tunadanganya sana tukiwa na wenzetu lakini uongo mzito kabisa tunauweka kwa ajili ya saa zile hakuna anayesikia, na mwandishi mzuri wa tamthilia analijua hilo, kwa hiyo anampa mtu wake dakika tatu za kuwa peke yake halafu anakaa pembeni kumtazama anavyojipanga. Tabia ya mtu iko kwenye kujipanga huko. Yale anayotangaza kuhusu moyo wake ni nusu tu ya habari, tena nusu ile nyepesi.

Tuelewane kidogo kabla sijaenda mbali. Kuna mhusika anayeongea akiwa peke yake, au akidhani yuko peke yake, na kuna yule anayeshika mazungumzo kwa muda mrefu mbele ya wahusika wengine wanaomsikia na wangeweza kumkatiza wakitaka. Wa kwanza, ndiye wa uzungumzinafsi, hana wa kumjibu, wa pili anao ila amewanyamazisha. Hiyo inatosha, miongozo ina kurasa nne za aina na vijiaina ambazo sijawahi kuona zikimsaidia mtu kusoma mchezo.

Sasa mfano wangu wa siku zote. Nyerere, ambaye alisoma hapa kwetu Makerere miaka ya 1940, alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963 na akairudia tena, ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Fikiria kiongozi wa nchi changa anatafuta nafasi katikati ya kazi zote zile ili atafsiri mchezo wa watu wazima, waheshimiwa, wanaomchoma visu mkuu wao wa nchi. Sijui kama kuna rais mwingine angeigusa hiyo karatasi. Lakini nilichotaka kusema ni kuhusu Brutus, mmoja wa wachoma visu hao, ule usiku bustanini kwake kabla ya mauaji. Hajalala. Amemtuma kijana wake Lucius akawashe taa, Lucius ametoka, Brutus amebaki peke yake, na neno la kwanza kabisa linalomtoka ni kwamba hakuna njia nyingine, Caesar lazima afe.

Ona alivyoanza. Hukumu imetangulia, kesi inafuata nyuma inahema. Baada ya hapo ndio anaanza kutafuta sababu na kila anayoishika inamponyoka. Anakiri mwenyewe hana ugomvi binafsi na Caesar. Anakiri hajawahi kumwona Caesar akiburuzwa na hisia zake kuliko akili yake. Sasa kosa liko wapi? Kosa ni kwamba akivikwa taji huenda akabadilika, watu wakipanda ngazi ya juu kabisa huwa wanazipa mgongo zile za chini, kwa hiyo na yeye huenda. Huenda! Mtu anauawa kwa huenda. Halafu anafika pale ninapowaambia wanafunzi wapige mstari kwa kalamu nyekundu, anasema kwa kuwa jinsi Caesar alivyo leo hakuna shtaka linaloweza kumsimamia, basi tulipange hivi, tumchukulie kuwa ni yai la nyoka, tulipondee humo humo kwenye ganda. Tulipange hivi. Mtu anayesifiwa uadilifu mji mzima anatunga shtaka, usiku, kwake, bila kulazimishwa na mtu, na anajua kabisa kwamba anatunga, manake amesema.

Mwongozo utakuambia hapo tunajifunza kwamba Brutus ni mzalendo anayepigana na dhamiri yake. Ndio, yeye mwenyewe angefurahi sana ukimwelezea hivyo. Mimi ninachojifunza ni kwamba Brutus ni mtu asiyeweza kufanya jambo baya mpaka alivalishe kwanza nguo za jambo jema, na huo ndio udhaifu wake, na ndio maana Cassius, anayeongoza njama ya kumuua Caesar, amempata. Kumbuka Cassius naye amepata dakika zake za peke yake mapema zaidi, pale anapotuambia kuwa Brutus ni muungwana lakini hata chuma cha kiungwana hupindika, na kwamba usiku ule ule atamrushia dirishani barua za uongo zenye miandiko tofauti zionekane zimetoka kwa wananchi. Kwa hiyo Lucius anaporudi bustanini na barua aliyookota dirishani sisi tulioko chini tunajua imetoka wapi, Brutus hajui, na anaifungua akidhani ni sauti ya Roma nzima. Tumeshaonyeshwa moyo wa wawili hawa, na anayesema kweli kati yao ni tapeli. Cassius hajidanganyi hata kidogo, anajua anachofanya na anakiita jina lake.

Na Caesar mwenyewe je? Hapa ndipo panaponifurahisha. Mchezo una jina lake lakini mtu huyu haachwi peke yake. Usiku wa radi anatokea na nguo za kulalia, anapata mistari mitatu hivi ya kusema mkewe Calphurnia amepiga kelele usingizini mara tatu kwamba wanamuua Caesar, na papo hapo anaita mtumishi. Basi. Muda mwingine wote yuko mbele ya watu, na hata anapojitaja anajiita Caesar, Caesar atatoka, Caesar haogopi, utadhani anamwongelea jirani. Hatupewi chumba chake cha ndani kabisa. Unaweza kusema mwandishi amemsahau, au useme hiyo ndiyo tabia yake yenyewe, mtu aliyekuwa sanamu kwa muda mrefu mpaka ndani hamna pa kuingia. Nachagua la pili. Kukosa uzungumzinafsi nako ni habari, lakini sijawahi kuona mtihani unauliza.

Antony sasa, rafiki wa Caesar. Sisi huku Uganda hotuba za msibani tunazijua, mpe mwanasiasa maikrofoni kwenye mazishi, mwambie dakika mbili, uone marehemu anavyosahaulika kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Kwa hiyo wanafunzi wangu hawahitaji maelezo mengi kuhusu Antony mbele ya maiti ya Caesar, wanacheka tu wakisikia jinsi anavyorudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka neno heshima linaoza. Wengi wanafundishwa hotuba ile peke yake, inakaririwa, inashindaniwa kwenye mashindano ya shule. Ila ukiitoa pale ilipo umeiua. Yenyewe imekaa katikati. Kabla yake Antony ameachwa peke yake na maiti, na hapo anaiomba radhi kwa kuwa mpole mbele ya wachinjaji wale, na anaahidi vita vya wenyewe kwa wenyewe, damu mpaka akina mama watazoea kuona watoto wao wamechanwachanwa. Kwa hiyo anapopanda jukwaani kusema amekuja kuzika tu, hakuja kusifu, sisi tumeshaijua bajeti yake. Halafu hotuba inakwisha, watu wanatawanyika wakitafuta nyumba za kuchoma, Antony anabaki nyuma na anasema kwa utulivu kabisa, haya, fitina imeshasimama kwa miguu yake, iende itakako.

Na haijaisha. Kwenye hotuba amewaliza watu kwa wasia wa Caesar, kila raia wa Roma drakma 75, pesa mkononi. Muda si mrefu baadaye, akiwa na washirika wake wawili wamekaa mezani wanachagua nani auawe, anakubali mtoto wa dada yake naye apigwe alama bila hata kupepesa, kisha anatuma mtu akaulete wasia ule ule waone watapunguza wapi gharama. Banange! Sasa niambie Antony wa kweli ni yupi. Anayelia na maiti? Inawezekana analia kweli, mimi naamini analia kweli. Lakini huzuni yake na hesabu zake zinalala kitanda kimoja, na hilo hulipati kwenye hotuba moja, unalipata kwenye pengo kati ya maneno ya peke yake na maneno ya mbele za watu. Nikiwa na nusu saa tu ya kufundisha jambo hili lote ningefundisha pengo hilo.

Iago nitampitia haraka kwa sababu kila mtu ameshamwandika. Huyu wa mchezo wa Othello anatuambia siri zake nyingi kuliko mhusika yeyote ninayemjua, na bado mwisho wa mchezo humjui. Anamchukia Othello kwa sababu cheo kimepewa Cassio. Hapana, kwa sababu amesikia Othello amelala na mke wake, hana uhakika lakini atafanya kama ana uhakika. Subiri, hata Cassio naye anamshuku kwa mke wake huyo huyo. Mtoto akichelewa shule akakuambia ni matope, kisha baiskeli, kisha bibi anaumwa, unajua hakuna hata moja. Coleridge, mshairi na mhakiki wa Kiingereza, aliligundua hili karne mbili zilizopita, kwamba Iago anawinda sababu za ubaya ambao hauna sababu. Na akishakamatwa, akiulizwa kwa nini, anasema hatafungua mdomo tena, na hafungui. Umemsikiliza akinong'ona na wewe mchezo mzima ukadhani umekuwa rafiki, kumbe ulikuwa unatumiwa pia.

Othello mwenyewe ni mbaya zaidi kumsikiliza. Anaingia na taa chumbani kumuua mkewe Desdemona aliyelala, anaiambia nafsi yake kuwa ndiyo sababu, ndiyo sababu, na hataitaja hiyo sababu mbele ya nyota. Anairudia tu. Mtu mwenye sababu angeisema.

Hamlet. Haya, hatuwezi kumkwepa, huyu ambaye mzimu wa baba yake umemtaka alipe kisasi kwa ami yake, mfalme wa sasa, aliyemuua. Ile hotuba yake maarufu ya kuwa au kutokuwa, ambayo hata watu ambao hawajasoma mchezo wowote wanaijua mstari wa kwanza, isome taratibu utaona kitu cha ajabu: hamtaji baba yake, hamtaji ami yake, hajitaji hata yeye mwenyewe. Ni sisi, sisi, nani angevumilia, nani angebeba. "Mimi" haimo mpaka mwisho kabisa anapomwona Ophelia na kumwomba amkumbukie dhambi zake kwenye sala. Tena anasema kifo ni nchi ambayo hakuna msafiri aliyewahi kurudi kutoka huko. Kaka, si umeongea na mzimu wa baba yako ukutani usiku, ndio maana tuko hapa wote! Kwa hiyo mtu aliyepewa kazi ya kulipa kisasi anageuza kazi hiyo kuwa falsafa ya binadamu wote ili asiishughulikie yeye. Akili nyingi, na akili hiyo hiyo ndiyo maficho yake. Na hata hayuko peke yake vile, Ophelia yuko pale pale, na mfalme na Polonius wamejibanza wanasikiliza.

Wapo wanaokuambia tabia ya mhusika imeshaandikwa, imekwisha, kazi yako ni kuisoma. Hawa nawaonyesha Hamlet ilivyochapishwa. Kuna toleo fupi la 1603, kuna la 1604 na 1605, kuna lile la kitabu kikubwa cha 1623 alipokwisha kufa Shakespeare. Katika lile fupi hotuba ya kuwa au kutokuwa inakuja mapema zaidi, kabla waigizaji hawajafika ikulu, kwa hiyo kukata tamaa kwake kunatangulia mpango wake wa kumtega mfalme kwa mchezo badala ya kuufuata. Na ile hotuba anayoitoa akiona jeshi la Fortinbras linapita, ambapo anakiri kwamba sababu anayo, nia anayo, nguvu anazo na njia anazo lakini bado hajafanya lolote, ipo kwenye toleo la 1604 na 1605 na haimo kwenye la 1623. Itoe, na unapata Hamlet anayesafirishwa kwenda Uingereza bila kujihukumu hata kidogo. Iweke, na unapata mtu anayejipiga kwa maneno na kuapa kuwa kuanzia sasa mawazo yake yawe ya damu, huku anatembea kuelekea melini, yaani anaapa akiwa anaondoka! Hotuba moja, watu wawili tofauti.

Lakini kama ningeambiwa nichague dakika tano tu za Hamlet ningechukua sala ya Claudius, yule ami. Muuaji amebaki peke yake, anapiga magoti, na anajieleza vizuri kuliko mtu yeyote kwenye mchezo: anajua dhambi yake inanuka, anajua hawezi kuomba msamaha huku taji analo, malkia anaye na tamaa yake bado iko pale pale. Nyuma yake Hamlet anaingia na upanga, anamwona kapiga magoti, na anajiambia hapana, nikimuua akiwa anasali ataenda mbinguni, nitamsubiri akiwa amelewa au kitandani ili roho yake iende moja kwa moja motoni. Samuel Johnson, yule wa karne ya 18, aliona maneno hayo yanatisha mno hata kusomwa. Wengine, Coleridge akiwemo, wanasema ni kisingizio tu cha kijana kuahirisha tena. Hamlet anatoka, Claudius anainuka anasema maneno yake yamepaa lakini mawazo yamebaki chini. Sala haikuwa sala. Kwa hiyo una watu wawili chumba kimoja, kila mmoja anaongea peke yake, kila mmoja hamsikii mwenzake, anayejijua ni mwovu na anayejidanganya ni yule tunayemshangilia. Sioni uandishi unaweza kuwa mzuri kuliko hapo.

Tusikae Ulaya tu lakini. Mwaka 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru wetu, wanafunzi wa Makerere waliigiza The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o pale National Theatre Kampala, jengo ambalo bado lipo na bado linafanya kazi. Remi, msomi wa kwanza wa kabila lake, amekimbilia mjini kumkwepa Thoni, mjane wa kaka yake aliyeshinikizwa amwoe, na siku anayorudi kijijini anarudi na hotuba. Anahutubia kuhusu ukabila, kuhusu mila, anawaka. Mkewe yuko pale pale na hapati neno. Thoni anakufa akiacha barua ya kusema alimpenda siku zote, na hapo Remi anapiga magoti kwenye maiti na kukiri kuwa alikuja kuvunja ukabila na mila, badala yake amemvunja yeye na amejivunja mwenyewe. Inauma kwa sababu hiyo ndiyo mara ya kwanza anaongea NA Thoni, na hawezi kumjibu. Mhubiri wa umma, bubu nyumbani. Tunao wengi.

John Ruganda alifanya kitu kingine na The Burdens mwaka 1972. Wamala, waziri wa zamani aliyeanguka, hana steji ya peke yake wala umati wa kuhutubia, ana mke wake Tinka tu na chumba cha kimaskini, basi wanaigizana, wanajifanya wako mbele ya wakubwa, wanacheza mazungumzo ambayo hayajatokea na hayatatokea. Ni uzungumzinafsi wa watu wawili. Na ndani ya mchezo huo wa kuigiza ndimo yanatoka ambayo wasingeambiana wakiwa wenyewe.

Halafu kuna Lawino wa Okot p'Bitek. Najua, ni shairi, mtaniandikia kwenye komenti, lakini ni mwanamke mmoja anaongea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na yule anayeambiwa, Ocol mumewe, habanduki mdomo kitabu kizima, alisubiri mpaka 1970 kupata kitabu chake cha kujibu. Kwa Kiswahili tunayo ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino. Kuna mahali Lawino amemchambua Clementine mke mwenza wake kuanzia midomo mpaka poda usoni, kisha anatugeukia akisema msidhani ni wivu unaonoa ulimi wangu, ni huruma tu namwonea. Na kabla hujapumua anaongeza, sawa, sikatai, wivu kidogo upo, hakuna haja ya kudanganya. Hapo ndipo nilipompenda Lawino. Amejikamata mwenyewe katikati ya uongo wake, mbele yetu, akacheka, akaendelea. Brutus angefanya hivyo mara moja tu bustanini, Caesar angezeeka. Watu waliokulia na kadongo kamu, mwanaume mmoja na gitaa lake anasimulia kesi yake robo saa nzima bila mtu wa kumpinga, hawahitaji kufundishwa jinsi ya kumsikiliza Lawino. Wanajua kwamba anayesimulia kesi yake ana upande.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, nayo inanisaidia kwa namna tofauti. Maji Maji tunaijua, 1905 mpaka 1907. Yule Kinjeketile wa jukwaani anatabiri akiwa amepandwa na mzimu, na humo mna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na maneno hayo hayo yaliyotoka kinywani mwake ndiyo yanakuja kumshtua, manake ni kumwondoa bwana mmoja na kumleta mwingine. Anageuka msikilizaji wa hotuba yake mwenyewe. Kuanzia hapo neno si lake tena, watu wamelichukua, limekuwa kubwa kuliko aliyelizaa. Mwisho gerezani anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu anajua nani atalitumia hilo neno kesho. Hussein huyu ndiye baadaye, 1976, alitupa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambazo msimuliaji mmoja anabeba kila kitu. Klabu za maigizo zinaogopa kuzigusa. Zijaribuni.

Nimeshasema wanajidanganya kwa maneno, kuna mmoja anajidanganya kwa kidole. Krapp wa Samuel Beckett, mchezo wa 1958, mzee wa miaka 69 amekaa na kinasa sauti anasikiliza kanda aliyojirekodi akiwa na miaka 39. Kijana yule anatangaza kwa fahari kuwa usiku fulani wa dhoruba alifunuliwa jambo kubwa la maisha yake, na mzee anatukana, anapeleka kanda mbele, hataki kusikia. Anachotaka ni kile kipande cha yeye na msichana kwenye mashua, anakirudisha, anakisikiliza, anakirudisha tena. Hatujui ufunuo ulikuwa nini. Tunamjua Krapp vizuri kwa alichokiruka. Wanafunzi wangu wenye kurekodi voisi noti za WhatsApp, wakazisikiliza, wakazifuta, wakarekodi nyingine yenye sauti ya kutojali, walimwelewa mzee huyu haraka kuliko Hamlet.

Kwenye klabu sasa hivi tunafanya onesho la bustani la Brutus kwa Kiswahili, na ubishi uliopo ni macho. Anaangalia wapi? Vidio wanazoona kwenye simu zimewafundisha aangalie chini, kamera imsogelee, anong'one. Mi nawakumbusha kwamba msafiri mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, aliuona mchezo wa Julius Caesar London Septemba 1599, mchana, mwendo wa saa nane, na ukumbi wa aina ile haukuwa na paa katikati, watu wamesimama wamezunguka jukwaa, kila uso unaonekana. Hakuna giza la kujificha. Brutus anasema ni usiku na jua linamchoma, na mbele yake kuna mtu anamtazama machoni. Sisi pia tunaigizia mchana, chini ya mwembe, watoto wa P.4, darasa la nne, wamekaa mbele kabisa kwenye nyasi, kwa hiyo hali yetu iko karibu na hiyo kuliko ya runinga.

Binti anayeigiza Brutus anataka pale kwenye "tulipange hivi" ashuke, amkaribie mtu mmoja kwenye hadhira na kumwambia yeye, ili yule mtu aitikie kwa kichwa. Anasema tayari amejaribu kwa mdogo wake nyumbani, na mdogo wake akaitikia bila kujua amekubali nini. Mwenzake anayeigiza Cassius anapinga, anasema Brutus akiangalia watu machoni ataonekana tapeli, na tapeli kwenye mchezo huu ni yeye, hataki kugawana. Jumatano tunajaribu njia zote mbili.